Kadi Yenye Jina la Muhiddin

Edmonton, London
21 Machi 1993

Kwa shemegi yangu Muhiddin,

Assalam alaykum. Eda yangu imekwisha Jumatatu iliyopita, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayoandika tangu kaka yako azikwe. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mbili. Kwanza sikuwa na nguvu ya kushika kalamu. Pili, barua yako ya rambirambi ilinitatiza. Rambirambi zilikuwa mistari minne, kisha ukurasa mzima wa ombi: nikuandikie ushahidi kwa wakubwa wako wa Berlin kwamba hujapata kumdhuru mtu.

Mbarouk alikufa asubuhi ya Ijumaa, amevaa kiatu kimoja. Siku za baridi alikuwa akivipasha viatu juu ya hita kabla ya kwenda kiwandani. Cha pili nilikikuta kingali na moto. Nakwambia haya kwa kuwa ni ndugu yako wa tumbo moja, na hata mtu akiwa na lake, ana haki ya kujua nduguye alikufa vipi.

Lakini nisikufiche. Miaka kumi na minne hakukuandikia na hakutaka utajwe. Sababu unaijua. Matar, rafiki yake, alikuwa akija kwetu kila Jumapili pamoja na wenzao sita kunywa kahawa na kuisema serikali ya nyumbani. Disemba ya 1978 akaenda Unguja kumwuguza mama yake. Alikamatwa uwanja wa ndege, mkoba wake bado mkononi. Waliomhoji walikuwa na majina ya wote saba waliokaa sebuleni kwangu. Alifia kizuizini mwaka uliofuata. Mtu pekee wa nje aliyeijua sebule ile alikuwa wewe, uliyepelekwa Berlin na serikali hiyo hiyo kusomea uchapaji.

Siku ya hitima Jaffar, yule fundi saa, aliiona bahasha yako juu ya kabati. Akasema kwa sauti, "Stempu ya Berlin! Basi muulizeni huyo, alimuuza Matar kwa bei gani?" Baadhi ya watu walicheka. Nusra, mjane wa Matar, alikuwepo. Aliinuka akaenda zake Thornton Heath bila kunywa chai.

Mie sikuhukumu. Nnakuuliza tu, kwa nini umenikumbuka mwaka huu?

Shemegi yako,
Mwanabaraka

*

Berlin
9 Aprili 1993

Kwa shemegi Mwanabaraka,

Waalaykum salaam. Habari ya kiatu nimeisoma mara nyingi. Utotoni Mbarouk alikuwa hataki kukanyaga sakafu ya baridi, akinituma mimi nimletee ndara.

Nilistahili uliyoniambia. Ni kweli ombi lilikuwa refu kuliko pole. Sikujua niseme nini kwa mke wa kaka aliyekataa barua zangu, ila shida nilijua kuieleza.

Mji huu ulikuwa miwili, na sasa ni mmoja. Meya ni mmoja, baraza la mji ni moja, na sisi wa mashariki tumeingizwa katika utumishi wao. Kiwanda cha uchapaji kilipofungwa nilipata kazi katika ofisi ya wageni ya mtaa wetu. Nawasaidia Wavietnam na Wamsumbiji walioletwa na serikali iliyokufa, ambao serikali mpya haijui iwaweke wapi. Ni kazi ninayoipenda.

Kila mtumishi wa mji amejaza fomu: Je, uliwahi kuifanyia kazi idara ya usalama ya zamani? Niliandika hapana. Kisha majina yakapelekwa kwenye maktaba ya mafaili ya idara hiyo, na imepatikana kadi yenye jina langu. Pamoja nayo kuna ripoti ya 1978 yenye majina ya Waswahili saba wa London. Kamati inayotuchunguza watumishi inasema yametoka kwangu. Mkuu wangu, mtu wa magharibi, mpole, aliniambia, "Bwana Muhiddin, kadi ni kadi." Nikamwambia kabati lile lina kadi za waliochunguza na za waliochunguzwa pia. Akasema, "Basi leta kitu."

Kikao ni tarehe 17 Juni. Nikishindwa, nafukuzwa kazi, na ofisi yoyote ya mji huu haitanichukua tena. Mke wangu Restuta bado anasomea uuguzi upya, kwa sababu cheti chake cha zamani hakikubaliwi chote.

Naomba vitu viwili. Kwanza, kama barua zangu kwa Mbarouk zipo, zitume. Pili, andika unavyonijua.

Faili lenyewe nimeomba kulisoma. Nangoja zamu.

Mimi shemegi yako,
Muhiddin

*

Edmonton
2 Mei 1993

Kwa shemegi Muhiddin,

Barua zako zipo. Mbarouk hakuzitupa. Nilizikuta ndani ya kifuniko cha cherehani yangu, kumi na moja, zimefungwa kwa uzi wa viatu. Cherehani ni yangu lakini ndiye aliyekuwa akiitia mafuta, basi alijua mie sipekui humo.

Nilizisoma usiku mmoja, na ningekuwa nakudanganya nikisema zilinituliza. Katika kila barua unauliza. "Nani wanakuja siku hizi?" "Matar hajambo, bado ana hasira zake?" "Yule Mpemba wenu mpya ni mtoto wa nani?" Nilipiga mstari chini ya kila swali, nikapata thelathini na nne.

Nilimwonyesha Jaffar. Alivaa ile miwani yake ya kutengenezea saa, utadhani maneno yana vyuma ndani. "Mtu wa kawaida huuliza hali," alisema. "Huyu anauliza idadi."

Sundus, binti yangu, alikuwa anakula nafaka zake za maziwa. Unamsemesha kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza. Alisema ati kila barua ya watu wa kwetu iko hivyo, nusu yake majina. Jaffar akamwambia, "Wewe kula."

Shemegi, ukikaa kwenye nyumba ya msiba mawazo mabaya huja yenyewe. Hapa London hatuna hata baraza la mji mzima. Lilivunjwa miaka saba iliyopita, na kila mtaa unajitawala kivyake, hakuna anayemchunguza mwenzake. Wenu umeungana na kazi ya kwanza ni kufungua makabati. Nilimhurumia mwenye mji kama huo. Halafu nikajiuliza, mtu asiye na kitu anaogopaje kabati kufunguliwa?

Barua zako nimeziweka. Sitazituma mpaka unijibu. Barua zetu ulikuwa ukimsomea nani? Na ukishaliona hilo faili, niambie lina nini. Lolote lililomo, niambie. Nusra anangoja kujua, nami vilevile.

Mwanabaraka

*

Berlin
30 Mei 1993

Kwa shemegi Mwanabaraka,

Nimeliona faili. Halina la kukufaa.

Barua zenu sikumsomea mtu ambaye hakustahili.

Usitume chochote, wala kwangu wala kwa kamati. Ombi langu nimelifuta. Nami naomba, kwa heshima ya Mbarouk, usiniulize tena habari ya Matar, na usimwambie Nusra kwamba faili lipo.

Muhiddin

*

Edmonton
12 Juni 1993

Kwa Muhiddin,

Barua yako haikumaliza nusu ukurasa. Mtu akikuomba siku zote useme, halafu siku moja akuombe unyamaze, unajua ameona kitu.

Jumamosi iliyopita nilitoka shifti kwa wazee ninaowatunza, nikapanda treni mbili mpaka kwa Nusra. Nilimwambia faili lipo, umelisoma, na hutaki lisemwe. Hakulia. Aliniuliza, "Kwa hiyo amekiri?" Nikasema, "Amenyamaza." Akasema, "Kwa watu wa ukoo wao ni mamoja." Akanipa bajia nile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nikala.

Kamati yako nayo nimeiandikia. Sundus aliandika Kiingereza chake, huku amenuna. "Una hakika, mama?" Nikamwambia, andika. Nimesema tu kwamba mimi, mke wa marehemu kaka yako, siwezi kukutolea ushahidi. Sikuongeza neno.

Nilikupenda, ujue. Ulipopita London mwaka wa 1975 ulinishonea kitufe cha koti kwa uzi wa rangi nyingine, ukasema hakuna atakayeona. Kila mtu aliona. Kitufe bado kipo.

Mwanabaraka

*

Berlin
4 Julai 1993

Kwa Dada Mwanabaraka,

Hunijui. Mimi ni Restuta, mke wa Muhiddin. Kwetu ni Bukoba, maneno ya kuzungukazunguka ya watu wa pwani siyawezi, kwa hiyo utanisamehe.

Muhiddin amefukuzwa kazi tarehe 17 Juni. Kikao kilichukua dakika ishirini na tano. Barua yako ilisomwa. Walimwuliza kama ana la kusema. Akasema hana. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nilitaka kumpiga na mkoba.

La kusema analo. Liko kwenye droo yetu, chini ya soksi. Nimelitoa, nimekwenda kulipigia fotokopi dukani, na nakuletea humu. Hajui. Akijua tutagombana, na tugombane.

Hizo ni karatasi za kwenye faili. Idara ile ilikuwa inafungua barua zake zote kutoka London, inazipiga picha, halafu inazifunga na kumletea. Kadi yenye jina lake ni ya mtu anayefunguliwa barua. Tazama ukurasa wa tatu. Mwandiko utautambua. Chini kabisa, kwenye salamu, majina yamepigiwa mstari na kupewa namba, moja mpaka saba. Kisha tazama ukurasa wa nne, ile ripoti wanayosema ni yake. Majina ni yaleyale saba, kwa mpangilio uleule. Hata kosa ni lilelile: Harith ameandikwa mara mbili jina la baba yake. Kutoka hapo majina yalifikaje Unguja, faili halisemi.

Nilimwambia, "Wapelekee hii, umeshinda." Akasema mambo ya kamati huandikwa, na yanayoandikwa hapa siku hizi kila mtu anaweza kuomba kuyasoma. Akasema, "Yatamfikia Nusra. Mwanabaraka amefiwa juzi. Unataka nimzike na yeye?"

Nikamwuliza, "Na sisi je?" Akasema kazi zipo nyingine. Dada, hazipo.

Tuna mpaka mwisho wa Agosti kukata rufaa. Hayo ndiyo yangu. Sasa unajua.

Restuta

*

Edmonton
1 Agosti 1993

Kwa shemegi yangu Muhiddin,

Restuta amenitumia karatasi. Usimgombeze. Ukimgombeza utakuwa umenigombeza mie, na mie ndiye ninayestahili.

Nilizipokea asubuhi nikidhani ni mambo ya kaunsili ya mtaa. Mwandiko wangu niliutambua kwa herufi ya K, naivuta mkia mpaka leo. Tarehe 13 Novemba 1978. Naikumbuka siku ile. Mbarouk alinitajia maneno yake niyaandike huku anatafuta ufunguo, hali ya hewa, bei ya kodi, kikohozi chake, kisha akaenda zake kazini. Alisema, "Salamu zijaze mwenyewe." Mie nikazijaza kama nilivyofunzwa na mama, mmojammoja, kila mtu na lake, asije mtu akaona kasahauliwa. "Anakusalimu Harith, kapata mtoto. Anakusalimu Muhsin, kahamia kwa mjomba wake. Matar anakusalimu sana, naye anasafiri Alhamisi tarehe saba mwezi ujao kwenda kumwuguza mama yake, Mungu akipenda." Niliona fahari ukurasa ukijaa. Nilifikiri wewe uko peke yako kwenye baridi, huna mtu, na kila jina ni kama mgeni kakugongea mlango.

Yale maswali yako thelathini na nne nimeyasoma tena. Ulikuwa unauliza hali za watu niliokusalimia. Hakuna hata moja ulilouliza ambalo sikulianza mie.

Nilikaa siku nne na karatasi zile. Nisikufiche, siku ya pili niliziweka karibu na jiko la gesi. Nusra haijui Berlin, Jaffar hasomi Kijerumani, Sundus hajui kitu. Wewe mwenyewe umeshanyamaza. Nilikuwa na kiberiti mkononi. Kisha nikawaza, huyu bwana kanunua siri yangu kwa kazi yake, na mie nimemlipa kwa barua ile kwa kamati. Nikakiweka kiberiti.

Nikampigia Nusra simu, kisha nikaenda kwake. Alinifungulia mlango, akasema, "Haya, shemegi yako kafanya nini tena?"

"Nimekuja kusema yangu mie."

Nilimwekea ukurasa wa tatu mezani. Alikwenda kutafuta miwani, akarudi, akakaa.

"Huu mwandiko wako."

"Wangu."

Alisoma kwa sauti mpaka alipofika kwa Matar, akasita, akasoma kimoyomoyo. Halafu akaniuliza, "Nani alikutuma uandike tarehe?"

"Hakuna."

"Mbarouk?"

"Mbarouk alikwenda kazini."

"Basi tarehe ya nini? Mtu anasalimu, anasalimu tu. Tarehe ya nini, Mwanabaraka?"

Nilisema, "Ndivyo tunavyoandika."

Akainuka akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akayafunga. "Miaka kumi na minne nimemchukia mtu wa mbali," alisema. "Ilikuwa rahisi. Sasa umeniletea wa kumchukia niliyempa bajia zangu." Nilitaka kumshika mkono. "Usinishike. Leo siwezi. Chukua koti lako, na hiyo karatasi uiache."

Nilirudi Edmonton nimesimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Siku ya tatu baada ya hapo Nusra alinipigia simu saa moja asubuhi. Hakusalimu. "Waandikie hao wa Berlin," alisema, "kwamba mke wa Matar amejua. Andika hivyo tu. Wasinitie kwenye mambo ya kusamehe." Akakata.

Kwa hiyo, shemegi, siri uliyokuwa ukiilinda haipo tena. Nimeiandikia kamati upya, kurasa tatu. Nimesema barua ni yangu, mwandiko ni wangu, salamu ni zangu, na wewe hukumtaja mtu. Nimeeleza kwamba kwetu barua isiyo na salamu ni matusi. Sundus alinisaidia, safari hii bila kununa, ila alisimama mara moja akaniuliza kama nataka kupumzika. Barua zako kumi na moja zimo humo, pamoja na uzi wa viatu, maana nilishindwa kuutupa. Kata rufaa. Usiponisikiliza mie, msikilize Restuta.

Mwanabaraka

*

Edmonton
10 Oktoba 1993

Kwa shemegi yangu Muhiddin,

Barua yako ya tarehe 19 Septemba imefika, na karatasi ya kamati ndani yake. Sundus aliitafutia kamusi maktaba. Kwamba walikaa tena, wakalifuta neno walilokuandikia, na jina lako ni safi. Kwamba kazi hawakurudishii kwa sababu nafasi imeshapewa kijana wa magharibi, na Wavietnam wako wanamwogopa. Kwamba mkuu wako alikushika mkono mlangoni akasema anasikitika, nawe ukamjibu, "Kadi ni kadi." Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka.

Kazi ya kupanga mbao usiku kwenye bohari si kazi ya mtu wa umri wako. Sina la kukuahidi. Nimeandika kwa kaunsili yetu hapa kuuliza kama wanahitaji mtu mwenye lugha nne. Huenda wasijibu. Niliandika hata hivyo.

Unasema ulinikasirikia. Nashukuru umesema. Ulipokuwa mpole kwenye barua zako nilikuwa nakushuku; sasa umekasirika, nakuamini.

Kwa Nusra naenda. Mara nyingine hunifungulia, mara nyingine naliona pazia limetikisika na mlango haufunguki, narudi. Sijamwomba radhi tena. Jaffar nilimwambia mwenyewe, mbele ya watu walewale waliocheka. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Mama Sundus, mie nilisema mzaha." Nikamwambia sisi sote tulisema.

Ila kuna mmoja siwezi kumwambia. Mbarouk aliondoka akiamini umemuuza rafiki yake. Miaka yote ile ilikuwa ni mie, nami nilikuwa nimelala ubavuni mwake. Jumapili nilikwenda makaburini nikasema kwa sauti. Upepo ulikuwa mwingi na mtu wa karibu alikuwa anakata majani kwa mashine, basi sijui nilisema au nilidhani nasema. Wewe ni damu yake. Ukija London siku moja, labda maneno hayo yatakuwa na uzito zaidi kinywani mwako. Nauli tutachanga, mie na Sundus. Usikatae kwa haraka.

Ukipata nafasi, ukiwa umetulia, huna hasira na mtu, unikumbuke.

Mwanabaraka